Mtungi Uliobisha Hodi

Ilipofika saa nne asubuhi, mtungi wa arobaini na moja ulinigonga kiganjani mara tatu, ukanyamaza kidogo, ukagonga tena mara tatu.

Nilikuwa kwenye kigoda changu ndani ya Nyumba ya Malezi, mlimani Matogoro, mkono wa kushoto juu ya kibao, mguu wa kulia mbali na kanyagio. Kibao chenyewe si kikubwa, ni kama kile cha kukatia vitunguu. Waya mwembamba unakiunganisha na mtungi wa kioo, na habari zinazopita ndani ya seli, kutoka kwenye ngozi yake mpaka kwenye kiini chake, hukufikia pale kiganjani zikiwa mapigo. Mashine nayo inasoma habari hizo hizo, ila mashine huchukua seli milioni sita ikazijumlisha kuwa namba moja. Kiganja hakijumlishi. Kinasikia hizi zimechoka, hizi zina njaa, hizi bado zina hasira. Ndiyo sababu nyumba ile iliajiri vikongwe watatu waliokuwa wapika komoni, watu waliozoea kuweka mkono ubavuni mwa chungu wakajua pombe imefika wapi bila kufunua.

Mtungi ule ulikuwa wa mwanangu Wende.

Wende ni dereva wa gari la waya linalopita juu ya mabonde kutoka Songea kwenda Mbinga. Ana miaka thelathini na minne. Miezi minane nyuma, askari wa mwili wake walianza kumla ganda la mshipa wa jicho, kama panya anavyokula plastiki ya waya wa umeme. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazima. La kulia, daktari alisema likikaa sana ni wiki sita. Walimtoa mbegu za seli kwenye tezi ya kifuani, ile inayosinyaa mtu akikua, wakapata kidogo tu, ndizo hizo za mtungi wa arobaini na moja. Kumtoa tena ingekuwa mpaka miezi sita ipite.

Sasa, seli mpya haijui kazi. Jana yake, siku nzima, tulikuwa tumeziita. Kuita ni kuzionyesha kipande cha mwili wa mwenyewe, tone la ute wa mshipa wake wa jicho. Isiyokitambua kile kipande hukauka yenyewe. Inayokirukia kwa ghadhabu, mashine huiondoa. Zinazobaki ni zile zinazokijua vizuri lakini hazijaamua kukifanya nini. Hapo mwito unakatwa, kabla haujakolea, na kimya kinaanza: saa moja asubuhi mpaka saa kumi alasiri, kanyagio haliguswi, hata tone moja la ute lisidondoke. Katika kimya hicho ule mnyororo wa ujumbe unaosema nenepa, zaana, pigana, unazimika kiungo kwa kiungo kama moto ulionyimwa hewa. Ukizimika wote, ndani ya kiini kuna jeni moja inaamka. Wataalamu wana jina lake lenye herufi na namba. Sisi tunaiita Kitasa, kwa sababu ikishaamka seli hiyo inajifungia upande wa amani.

Inakuwa mtani. Jina hilo ni langu, na siku hizi hata madaktari wanalitumia. Mtani si anakuja msibani bila kualikwa, anakula chakula ambacho hakupika, anamwigiza marehemu, mpaka ndugu waliotaka kugombana wanajikuta wanacheka? Seli hizi ndivyo zilivyo. Uji unaowanenepesha askari wa mwili hazijui kuutengeneza, ila kuunywa zinaunywa kuliko wote. Zikifika penye ugomvi zinaumaliza uji, na askari wakikosa uji wanakaa chini.

Lakini kwanza kimya. Na mtungi ulikuwa unabisha.

Nilijua ni nini. Kila mtungi hubisha saa kama ile, ni ncha za mnyororo zinazomalizikia kuungua. Nilikuwa nimeshakaa na mitungi ya watu kumi na saba ikibisha, nikatafuna karanga zangu. Ila kwetu mtu hubisha hodi mara tatu. Asipojibiwa anageuka, anakwenda zake. Tatu za kwanza nilizivumilia. Tatu za pili nikahisi kama mtu amesimama mlangoni na mzigo kichwani. Nikasema moyoni, hizi zikigeuka zitakwenda wapi? Huyu si ni Wende?

Nikagusa kanyagio. Tone moja.

Mapigo yakalainika, kama mtu aliyeambiwa karibu. Saa tano yakarudi, nikagusa tena. Saa sita kasoro nikagusa mara ya tatu.

Saa sita Daktari Flaviana Kikoti, mkuu wa nyumba, aliingia akitingisha funguo. Ni Mhehe, umri wake ni wa kuwa mwanangu, na mimi Mngoni. Wazee wetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia utani.

"Bibi Edeltruda! Bado uko hai? Nimekuja na sanda."

"Ile sanda uliyomfungia mbwa wa chakula cha mchana?"

"Mbwa tumeshamla. Sanda ni ya mwizi wa ng'ombe." Akainama kutazama mtungi. "Kimya kinakwendaje?"

"Kinakwenda."

"Hujamgusa mtoto?"

"Nimguse nimfanye nini?"

Akacheka, akanichotea karanga zangu nusu nzima, akatoka. Mimi nikabaki nimeangalia mguu wangu.

*

Siku ya tano ni ya kusoma mtungi. Unatoa tone, unaliweka chini ya lenzi, unalimulika. Seli iliyofunga Kitasa inang'aa kijani kama macho ya paka. Isiyofunga inabaki nyeusi.

Flaviana alitazama kwanza. Akasogeza lenzi. Akatazama tena, akaninyooshea kiti nikae mimi.

Palikuwa peusi. Vijani vichache huku na kule, vimepotea. Zile nyeusi zilikuwa zimevimba, zinajigawa mbele ya macho yangu, moja mbili, mbili nne. Nilipoweka kiganja kwenye kibao hakikubisha tena. Kilikuwa kinatwanga.

"Zimekuwa askari," nikasema.

"Askari wanaolijua jicho la Wende kuliko askari yeyote aliyewahi kuumbwa," akasema Flaviana. "Tukimrudishia hizi, siku mbili nyingi jicho limekwisha." Kisha akaniwekea mkono begani. "Usijilaumu, mtani. Kila mitungi mitano mmoja unaharibika. Mbegu zilikuwa dhaifu, tangu siku ile tulipozitoa nilisema."

Tone la kanyagio mashine hailiandiki, ni dogo mno. Hakuna aliyeniona. Alikuwa ameshanipa na sababu mkononi, mbegu dhaifu, niipokee tu tuendelee. Na mimi, nikuambie kweli, niliishika ile sababu kwa muda. Nikaipima uzito wake. Kisha nikafikiri: wiki ijayo nitapewa mtungi wa mtu mwingine, na Flaviana ataamini mkono wangu.

"Mbegu hazina kosa," nikasema. "Siku ya kimya nilizijibu. Mara tatu."

Hakuelewa kwanza. "Ulizijibu nini?"

"Zilibisha, nikagusa kanyagio."

Aliutoa mkono begani. Nilitazamia tusi, utani una matusi mengi, na lolote ningelipokea. Hakutukana. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti muda mrefu.

"Mitungi kumi na saba," akasema. "Kumi na saba hukuigusa."

"Hiyo ilikuwa ya watu."

"Mimi ndiye niliyekuruhusu kulea wa mwanao. Kanuni inakataza. Nikasema hakuna mwenye mkono kama wako." Akairudisha miwani. "Bi Edeltruda, naomba utoke kidogo."

Miaka sita alikuwa hajawahi kuniita Bi.

Nilitoka, lakini ilibidi nirudi kutia dole gumba kwenye mashine, maana mtungi hautupwi motoni bila dole la mlezi wake. Nilipotia, mashine ikafanya ilivyofundishwa kufanya: mbegu za mgonjwa zikipotea, inatafuta mbegu za mgeni zinazoweza kukaa ndani yake bila kufukuzwa. Zangu hazikuwa na maana. Nina miaka sabini na mmoja, tezi yangu imebaki mafuta matupu. Ikazunguka kidogo, ikaandika kwenye kioo: mmoja. Mwanamke. Miaka thelathini na minane. Mtumishi wa nyumba hii.

Watumishi tulikuwa tisa. Wa miaka thelathini na minane alikuwa mmoja.

Nikageuka. Flaviana alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo, na kioo cha dirisha kilikuwa kinaonyesha mashine vizuri sana.

Aliendelea kutazama nje. Nami nikatoka. Mama yake Flaviana nilimfahamu. Aliuguzwa kwao Kalenga, vidole vimepinda kama tangawizi, askari wake mwenyewe wamemla viungo, mpaka mwisho alikuwa anashikiwa kikombe. Anayetoa mbegu hupunguza watani wake mwenyewe. Wengi hawaoni tofauti yoyote. Katika watoaji thelathini, mmoja askari wake humgeukia. Aliyetoka tumbo kama lile, hesabu yake ni nyingine, mmoja katika sita.

*

Nilimweleza Wende yote siku hiyo hiyo mchana, tukiwa uani kwangu, yeye anachambua mboga za maboga kwa vidole. Sikupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Zilikuwa zinabishaje?"

"Unataka kujua ili iweje?"

"Nataka tu. Ni zangu. Nigongee."

Akanipa kiganja. Nikamgongea kwa ncha ya kidole: moja, mbili, tatu. Kimya. Moja, mbili, tatu. Akainamisha kichwa kama anayesikiliza redio ya jirani.

"Mama, hata mimi ningejibu," akasema. Kisha akakivuta kiganja chake akaendelea na mboga, na niliona anavyouma mdomo wa chini. Msamaha ulikuwepo, na hasira ilikuwepo, vimekaa benchi moja.

Baadaye akauliza, "Na huyo mgeni mwenye mbegu ni nani? Au ni siri?"

"Ni siri. Ni Flaviana."

Jani lilimwanguka. Akacheka kwa sauti, mara ya kwanza wiki ile. "Mtani wako! Sasa unahangaika nini? Nenda kamnyang'anye! Si ndiye aliyekuja hapa Krismasi akaanua kitenge chako chekundu kwenye kamba, kipya, hakijafuliwa mara mbili, akakivaa akaondoka nacho, na wewe ukamsindikiza unacheka?"

"Nilicheka. Ningefanya nini? Mtani akichukua, kachukua."

"Haya! Nawe chukua. Mwambie, Mhehe wee, nipe mbegu zako. Hawezi kukataa. Akikataa atajificha wapi?"

"Ndiyo maana siwezi kumwambia."

Wende aliweka ungo chini. Jicho lake la kulia lilinitafuta, likanipata. "Sijaelewa."

"Kabla ya kuchomwa sindano anaapishwa mbele ya shahidi, kwamba hakushurutishwa. Nikimwambia kwa utani, shahidi atasikia vicheko. Hatasikia kwamba nimemfunga kamba. Kitenge ni kitenge. Kile ni kifua chake, na vidole vyake."

"Na jicho langu?"

Nikauchukua ungo, nikachambua majani yaliyobaki, kuku wakipita miguuni.

"Nitamwomba," nikasema mwishoni. "Lakini nitamwomba kama mtu anavyomwomba mtu."

"Mtu anaweza kukataa, mama."

"Ndiyo."

*

Kesho yake saa saba nilikwenda ofisini kwa Flaviana. Mtani haombi ruhusa, anaingia, anaosha mikono au haoshi, anamega ugali wa mwenzake. Mimi nilisimama nje ya mlango ulio wazi, nikasema hodi.

Aliinua kichwa. Mbele yake palikuwa na ugali na dagaa wa Nyasa. "Nini tena? Ingia. Tangu lini Mngoni akabisha?"

"Hodi."

Uso wake ukabadilika. "Karibu," akasema polepole.

Niliingia nikakaa, mikono nimeiweka magotini. Alinisogezea sahani. Sikuigusa.

"Unanitisha. Kula."

"Daktari Flaviana, leo sikuja kama mtani. Huyo nimemwacha nje, yuko kule kwenye maua. Nimekuja mimi, Edeltruda, mama yake Wende. Uliona kwenye kioo, na mimi niliona, na najua kwamba uliona kuwa nimeona. Naomba mbegu zako kwa ajili ya mwanangu. Mama yako namkumbuka, kwa hiyo najua ninachokuomba. Aliyeharibu mtungi ni mimi, wewe huna deni lolote. Ukikataa, kesho nitakuja kukuibia dagaa kama kawaida, na neno hili hutalisikia tena kinywani mwangu. Hata usiponijibu, sitarudi kuuliza."

Nilidhani nimemaliza. Kumbe hapo ndipo kazi ilipoanza, maana hakunijibu. Alitazama dagaa wake. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Maneno yalinijaa mdomoni: ningeweza kumwambia Wende alivyoanguka jikoni, ningeweza kumwambia juu ya gari la waya, ningeweza hata kulia, machozi yalikuwa karibu. Kila neno lilikuwa tone. Niliyameza yote, nikainuka, nikaaga, nikatoka.

Siku ya kwanza ikapita. Tulipishana kwenye korido, akasema "Habari za kazi," nikasema "Nzuri." Wale vikongwe wenzangu walitutazama kama watu waliofiwa.

Siku ya pili, asubuhi, Wende alisimama mlangoni kwangu ameshika nyanya.

"Mama, hii imeiva?"

"Imeiva sana."

"Mbona ya kijivu?"

Nikamwondolea nyanya mkononi. Nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kuondoka, kila anayelea mitungi ya macho anajua. Ikiondoka nyekundu, wiki sita zimegeuka mbili.

Nilivaa viatu. Nilifika mpaka getini. Hii, nikajiambia, si kumshurutisha, hii ni habari tu, daktari ana haki ya kujua habari za mgonjwa. Nilikuwa nimeshaufungua mlango wa geti nilipouhisi mguu wangu wa kulia. Ulikuwa umeinuka kwenye vidole, kisigino juu, vile vile kama siku ile juu ya kanyagio.

Nikaufunga mlango. Nilimtuma Wende zahanati ya kawaida, kwa njia ya kawaida, aandikwe kwenye daftari la macho kama mgonjwa mwingine. Habari ikimfikia Flaviana ifike kwa miguu yake yenyewe, si kwa mguu wangu. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Kuna siku nadhani nilimtoa mwanangu kafara ili niwe msafi. Kuna siku nadhani sivyo. Nalifikiria hili ninapochambua mchele.

*

Siku ya tatu, jua limeshapanda, nilisikia kuku wanapiga kelele uani. Kutoka nje, namkuta Flaviana Kikoti ameingia bila hodi, amevaa kitenge changu chekundu, amemshika jogoo wangu miguu, kichwa chini.

"Huyu anaondoka," akasema.

"Mhehe! Umekosa mbwa huko kwenu?"

"Mbwa hana mchuzi mzuri. Nikishachomwa sindano kifuani nitataka mchuzi." Akamgeuza jogoo akamkagua mapaja. "Amekonda. Hata kuku wako wanafuata tabia za Wangoni, kazi kukimbia tu."

Nikakaa kizingitini. Nilitaka kucheka, lakini kuna jambo nililotaka kujua kwanza.

"Flaviana, kabla hujaondoka na jogoo. Umekubali kwa sababu ya nani? Nikijua ni kwa sababu ya utani, nitakataa mimi."

Alimweka jogoo kwapani. Alikaa karibu yangu, na kitenge kikaburura vumbi kama si mali ya mtu.

"Ungekuja kwa utani," akasema, "ningekataa siku hiyo hiyo. Ningekucheka mpaka uone aibu, na nilikuwa nimeshajiandaa hata maneno. Ulipobisha hodi ukaniharibia. Siku mbili nimekaa na woga wangu, hakuna wa kuusukuma, hakuna wa kuugombeza. Nikauona saizi yake. Ni mkubwa, Bibi, nisikudanganye. Mama yangu namwota. Lakini nimeona naweza kuubeba." Akajisugua vidole. "Halafu jana nikaona jina la Wende kwenye daftari la macho. Nilikuwa nimeshaamua asubuhi. Nakuambia ili usije ukajitafuna."

Kama alisema kweli kuhusu hiyo asubuhi, sijui. Watani ni waongo wazuri.

"Nina sharti," akasema. "Mtungi ulee wewe."

"Mimi? Baada ya yale?"

"Wa mwanao ulikushinda. Huu ni wangu, na mimi ni Mhehe. Nikibisha utaniacha nje bila huruma."

*

Mtungi wa arobaini na nne ulianza kimya saa moja asubuhi, siku ya Jumatano. Flaviana alikuwa chumba cha pili, amelala chali, bandeji kifuani, mlango wazi. Kabla ya kulala alikuja mwenyewe na kile kitenge, akapiga magoti mbele yangu, akanifunga mguu wa kulia kwenye mguu wa kigoda, mafundo matatu.

"Sitaki kusikia kwamba umefungua."

"Mguu umekufa ganzi."

"Ufe. Wewe mwenyewe bado."

Saa nne ikafika. Moja, mbili, tatu.

Nilifumba macho. Seli hizi zilikuwa za mtu mwingine, kutoka kabila lingine, na zilikuwa zimeitwa kwa jina la jicho la mwanangu, zimesimama mlangoni pake zinauliza kama zenyewe ni adui au ni nani. Moja, mbili, tatu. Mara hii nilitaka kujua. Nilizifuata kama unavyofuata nyayo: huu ni mnyororo wa kunenepa, unakatika kwenye kiungo cha tatu, hawa bado wana hasira, hawa wameishiwa. Saa tano zikabisha, kwa unyonge kidogo. Saa sita zikabisha mara mbili tu, ya tatu haikuja. Mguu ulivuta fundo wenyewe, sikuutuma, na fundo likashika.

Nilikuwa nikidhani anayebisha bila kujibiwa anageuka anakwenda zake. Hizi hazikwenda popote. Zilikaa chini, pale pale mlangoni, zikangoja.

Saa tisa na nusu kibao kikawa kimya kama ubao wa kukatia vitunguu. Kisha, chini kabisa ya kiganja, pakaja kitu kingine, si pigo, ni kama mvuto, kama mtoto anapoanza kunyonya. Njaa. Waliokuwa wanauliza walikuwa wameacha kuuliza.

"Mngoni!" Flaviana akaita kutoka kule. "Zinasemaje?"

"Hazisemi kitu. Zinataka uji."

"Si zipike!"

"Hazijui kupika. Ni Wahehe."

Nilimsikia anacheka, kisha analalamika kifua kinauma, kisha anacheka tena. Saa kumi kamili nikazimiminia uji, zikaunywa wote.

Siku ya tano tulipomulika, lenzi ilikuwa kijani tupu. Siku ya sita Wende alichomwa mkononi, sindano ndogo tu, akauliza kama imekwisha.

Siku ya kumi na nane alikuja kunichukua kazini. Flaviana alikuwa hapo, amekula dagaa wangu. Kitenge kilikuwa bado kimefungwa kwenye kigoda, siku ile nilichomoa mguu tu, mafundo yakabaki. Wende akakiinamia, pua karibu iguse kitambaa. Flaviana akaacha kutafuna.

"Cha kijivu," akasema.

Nikateremsha macho.

"Subirini. Cha kijivu, lakini..." Akavuta pindo lake kwenye mwanga wa dirisha, akalirudisha, akalivuta tena. "Kama kijivu kilichoona haya."

Flaviana alimpokonya kitenge akakifungua mafundo yote matatu, moja baada ya jingine, haraka, akajifunga kiunoni. "Haya, kimeshapata rangi, ni changu tena."

Wende alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa natazama vidole vilivyofungua mafundo. Vilikuwa vimenyooka. Kesho nitavitazama tena.